Jimbo Lililoulizwa

Kwetu mwanamume akija kuposa, hatumchunguzi yeye. Tunachunguza kwao.

Baba mdogo Masumbuko hueleza hivi: mposaji mwenyewe atakudanganya, maana ndiyo kazi iliyomleta, lakini kijiji kizima hakina nafasi ya kukaa kukudanganya wewe. Kwa hiyo wanatumwa watu wawili. Wanajifanya wapita njia, wanaomba maji ya kunywa nyumba ya tatu kutoka ile wanayoitaka, wanakaa. Jua likipinda wanajua kila kitu: kama kuna uchawi, kama wanaume wa pale wana mikono mepesi kwa wake zao, kama mabinti walioolewa pale wananenepa au wanakonda. Baba mdogo aliifanya kazi hiyo Fizi, Kongo, kabla ya vita, akaifanya kambini Nyarugusu, Tanzania, na tulipoletwa Sydney hakuiacha. Aliwahi kupanda treni kutoka mtaani kwetu Doonside mpaka Campbelltown, akakaa kwenye ngazi za jengo moja saa tatu nzima, akarudi na taarifa iliyovunja uchumba. Hakuna aliyewahi kusema alikosea.

Posa yangu ilikuja Agosti 2021. Wakati huo, kwa ajili ya korona, hatukuwa na ruhusa ya kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni petu, na helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu ya mabati ya Doonside kama mwewe aliyeona vifaranga. Mposaji alikuwa Ujerumani.

Jina lake Aimé. Kaka yake mkubwa, Balthazar, anakaa Minto, Sydney hapa hapa, na anafanya kazi ya ghala. Aliniona nikiimba kwaya kwenye harusi moja Bankstown kabla ya lokdauni, akapeleka habari kwao. Ndiye aliyempigia baba mdogo.

“Papa Masumbuko, niko naleta neno,” alisema. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa, nyumba nzima tukisikia. “Mudogo wangu iko Allemagne. Kijana wa adabu, wa kanisa.”

“Allemagne ni kubwa,” baba mdogo akajibu. “Iko sehemu gani?”

“Saarland.”

“Saarland ni nini?”

“Ni jimbo, Papa. Wana majimbo kumi na sita kule. Yake ni ile.”

Baba mdogo akaangalia dirishani. Nilijua anapiga hesabu ya nyumba ya tatu na maji ya kunywa. Halafu akageuka akaniangalia mimi, niliyekuwa nakausha vyombo.

“Lydie,” akasema, “wewe unasoma vizuri. Utanichunguzia hiyo Saarland.”

Ndivyo nilivyopewa kazi ya kumchunguza mume wangu mwenyewe. Yaani si yeye, jimbo lake.

Kazi yangu ya kawaida ilikuwa kufunga vifurushi ghalani, lakini mtu mmoja wa zamu yetu aliugua korona na wote tukaambiwa tubaki nyumbani. Baba mdogo alikuwa anasafisha ofisi za mjini, na ofisi zilikuwa tupu, hakuna wa kuzichafua. Mama mdogo Léocadie peke yake ndiye aliyekuwa na karatasi ya kumruhusu kutoka, kwa sababu wazee anaowaogesha hawawezi kuogeshwa kwa Zoom. Aksanti, binti yao wa miaka kumi na miwili, alikuwa anasomea chumbani kwa kompyuta ya shule.

Kuna kitu kimoja lazima nikiseme mapema. Juu ya friji yetu, chini ya sumaku ya duka la piza, kulikuwa na barua mbili zenye jina langu. Ya kwanza iliniita kwenye mtihani wa uraia wa Australia mwezi wa saba. Ya pili ilisema kwa sababu ya korona mtihani umefutwa, nisubiri nitaitwa tena. Nilizaliwa Nyarugusu. Tanzania hawakunihesabu kwa sababu nilikuwa mgeni, na Kongo hawakujua kama nimezaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuna nchi iliyowahi kuniandika kwenye kitabu chake. Hii ilikuwa ya kwanza kuniita kwa jina, hata kama ilikuwa kuniambia nisubiri. Kusubiri nakujua. Lakini akina Aimé walitaka harusi kule Desemba, mipaka ikifunguliwa tu, na aliyeondoka kabla ya mtihani anakuta jina lake limeondolewa kwenye foleni.

Kumwambia baba mdogo? Baba yangu alipokufa kambini, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda kupanga mstari wa unga. Mtu aliyekubeba mgongoni humwambii “hapana” usoni. Unachunguza Saarland.

Jirani yetu wa kulia ni Jerotich, nesi Mkenya. Yeye alinisaidia kupata kurasa za Kijerumani, simu yake ikazigeuza Kiswahili cha ajabu, mengine tukayaelewa kwa Kiingereza chake. Akazichapa kazini, akanipitishia juu ya uzio, barakoa usoni, mkono mrefu kama mtu anayelisha simba.

“Kurasa arobaini na mbili!” akasema. “Wee Lydie, huyu chali anaoa ama anauza jimbo?”

“Ni maswali ya baba mdogo.”

“Na yeye mwenyewe je? Anakoroma? Anapenda kula nini?”

“Sijui.”

“Hujui ama hujauliza?”

“Si mimi wa kuuliza, dada.”

“Aki nyinyi watu,” akasema, akirudi nyuma hatua zake za kisheria. “Mnajua mpaka mwaka machimbo yalifungwa, na hamjui kama jamaa ana meno.”

Kweli, nilikuwa nimesikia sauti ya Aimé mara moja tu. Sekunde arobaini kwenye simu: salamu, baraka za Mungu, na pole kwa korona. Nyuma yake kulikuwa na mtu anamwambia la kusema.

Basi ikawa hivi. Kila siku saa tano asubuhi serikali ilitoa namba za wagonjwa kwenye televisheni. Saa sita mimi nilitoa namba za Saarland.

“Watu milioni moja kasoro kidogo,” nilisoma.

“Milioni moja? Hiyo siyo jimbo, hiyo ni paroisse, parokia moja tu.”

“Ukubwa wake, baba mdogo, Sydney inaweza kulimeza mara nne na bado ikasikia njaa.”

“Majirani?”

“Ufaransa. Luxembourg. Na jimbo lingine la Wajerumani wenzao.”

“Bon. Kama wako na Ufaransa ukutani, Kifaransa wanasikia. Binti hatapotea. Kazi yao?”

“Zamani makaa ya mawe. Machimbo ya mwisho yalifungwa mwaka elfu mbili na kumi na mbili.”

Baba mdogo akasikitika. “Wanaume wa machimbo ninawajua, ni wabaya. Lakini wanaume wa machimbo waliofungiwa machimbo, wako nyumbani siku nzima, hao ni wabaya zaidi.” Mwenyewe alikuwa nyumbani wiki ya nane, amevaa soksi tu.

Alikuwa na maswali saba aliyorithi kwa mjomba wake, na kila moja aliligeuza lifae jimbo. Nyumba ya tatu ikawa Luxembourg. Kisima kikawa mto Saar. Swali la nani anapika na wanakula nini lilimhusu mama mdogo, ambaye hakuamini karatasi, akataka kupika mwenyewe. Nilimsomea: viazi vinakwanguliwa vibichi, vinachanganywa na vitunguu vya majani na nyama ya nguruwe, vinapikwa kwenye sufuria nzito mpaka vishike rangi. Tulikula Jumatano hiyo.

“Wana mikono,” mama mdogo akatoa hukumu, akichukua tena. “Mtu anayekwangua kiazi kibichi si mvivu.”

Jumamosi akavipika tena bila kuambiwa.

Kidogo kidogo Saarland ikaingia nyumbani mwetu. Baba mdogo akawa anawapigia wazee wa kanisa kuwaeleza habari za bunge lake, kwamba linachaguliwa kila miaka mitano, na kwamba kwenye ngao yake kuna simba wawili. Alilisema jina lake kama mtu anavyotaja mkwe. Siku mvua iliponyesha alisimama dirishani akauliza kule nako iko namna gani. Jina la Aimé sikulisikia wiki nzima.

“Dad, nobody even knows the guy,” Aksanti akasema siku moja, mdomo umejaa viazi.

“Funga mudomo. Tuko kwenye historia.”

Historia ndiyo ilinishika mimi mwenyewe. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Saarland ilitolewa kwa Ujerumani, ikawekwa chini ya shirika la mataifa, na makaa yake wakapewa Wafaransa. Miaka kumi na mitano baadaye watu wake wakaitwa kupiga kura: mnataka kukaa na nani? Wakasema, turudi kwetu. Ilikuwa mwaka 1935. Nilipomsomea Jerotich akashika kichwa: “Kurudi Ujerumani 1935! Si wangengoja tu kidogo?” Baada ya vita ya pili ikachukuliwa tena upande wa Ufaransa, ikawa na uraia wake yenyewe, hata timu yake ya mpira. Mwaka 1955 wakaulizwa tena, wakakataa walichoandikiwa, na mwanzo wa 1957 wakarudi tena. Niliisoma karatasi hiyo mara tatu. Bibi wa pale aliweza kubadili uraia mara nne bila kuhamisha hata kitanda. Sisi tulihama na vitanda, na masufuria, na maiti zetu tukaziacha njiani, na hatukubadili uraia hata mara moja kwa kuwa hatukuwa nao.

Swali la saba la baba mdogo ni hili: mgeni akihamia pale, inamchukua muda gani mpaka aitwe mwenyeji? Fizi jibu lake lilikuwa siku atakapoamshwa kwenda kwenye msiba bila kuitwa mara mbili. Jibu la Saarland lilikuwa ukurasa mzima, na niliunakili kwa mkono, polepole, ili nisikosee.

Miaka minane ya kukaa kihalali. Inaweza kupungua mpaka saba au sita kwa aliyejitahidi sana. Kibali cha kudumu. Kujilisha mwenyewe bila kushika mkono wa serikali. Kuijua lugha kiasi cha kujieleza mambo ya kila siku. Utambulisho usio na shaka. Kutokuwa na kesi kubwa. Mtihani wa maswali thelathini na matatu, matatu kati yake yakihusu jimbo lenyewe. Ukipata kumi na saba umepita. Na uraia uliokuja nao, mara nyingi, unauacha mlangoni kama viatu.

Aliyeolewa na raia hupunguziwa, miaka mitatu inatosha. Lakini Balthazar alikuwa amesema Aimé alifika Ujerumani 2015. Miaka sita. Hakuwa raia. Naye alikuwa kwenye foleni kama mimi. Kwa hiyo hesabu yangu ingeanza siku nitakayoshuka kwenye ndege, upya, sifuri, na ningekuwa nimekaribia miaka thelathini na miwili kama kila kitu kingekwenda sawa. Na utambulisho wangu usio na shaka ulikuwa bado juu ya friji, chini ya sumaku ya piza.

Ukurasa huo sikumsomea baba mdogo. Niliuweka wa mwisho kwenye faili yangu, si yake.

Kikao kikapangwa Jumapili ya pili ya Septemba, saa kumi na mbili jioni kwetu, saa nne asubuhi kwao. Niseme jinsi kikao cha posa kinavyomhusu binti. Mwishoni analetwa, anaketi. Haulizwi kitu. Akinyamaza, amekubali. Akilia, amekubali na ana malezi. Akikimbia, amekubali ila ana haya. Kwenye Zoom ilikuwa rahisi zaidi: niliketi jikoni na simu yangu, ndani ya kisanduku changu kidogo, nimezimwa sauti. Aliyenizima ni Aksanti, kwa amri ya baba yake. Yeye ndiye aliyekuwa anaendesha kikao, kwa sababu watu wazima wote walikuwa wanaongea na mapaji ya nyuso tu.

“Dad, move back. We can only see your head.”

“Kichwa ndicho kinaongea.”

Visanduku vilikuwa vitano. Baba mdogo sebuleni, na kiwiko cha mama mdogo kando yake. Balthazar huko Minto, amevaa tai. Mimi. Aksanti. Na kule Saarland, chini ya picha ya Yesu, Mama Emérance, mama yao, kitambaa cha kichwa kikigusa juu ya skrini. Kando yake aliketi mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang’aa. Alikuwa na meno. Naye alikuwa amewekwa pale tu aonekane; kila alipofungua mdomo mama yake alimgusa goti.

Baba mdogo akasoma mwandiko wangu kwa sauti ya kanisani. Majirani, mto, viazi, bunge, simba wawili. Mama Emérance alitikisa kichwa kama mtu anayesifiwa mtoto. Wakafika kwenye historia.

“Donc,” akasema baba mdogo, akivua miwani, “hapa ndiko kwenye neno. Jimbo hili limetolewa kwao, likapelekwa upande wa Mfaransa. Likarudi. Likapelekwa tena, kwa Mfaransa yule yule! Likarudi tena. Mama Emérance, kwetu mwanamuke wa namna hiyo tunamwitaje?”

“Papa Masumbuko, chunga mudomo.”

“Niko nauliza tu. Aliyeachika mara mbili kwa bwana mumoja.”

“Hakuachika!” Mama Emérance akasogea mpaka tukaona tundu za pua. “Alichukuliwa kwa nguvu, ju ya vita. Wewe hukuchukuliwa na vita? Na mara zote mbili, unasikia, mara zote mbili, walikuja wakamuuliza yeye mwenyewe: unataka kukaa wapi? Akasema, nataka kwetu. Taja binti mwenye heshima kupita huyo.”

Balthazar akapiga makofi huko Minto. Baba mdogo akakuna kidevu. Alikuwa amepigwa, na alikuwa anafurahia.

“Bon, umesema vizuri. Neno hilo nalifuta.”

“Sasa zamu yetu,” akasema Mama Emérance. “Na sisi tuko na desturi. Binti anatoka jimbo gani?”

“New South Wales.”

“Muji mukuu?”

“Sydney,” akasema baba mdogo upesi. Halafu akaangalia pembeni. “Ao Canberra.”

“Ni Sydney, Dad.”

“Sydney.”

“Iko na watu wangapi?”

Kisanduku cha baba mdogo kikawa kama picha. Miaka sita tulikuwa tumekaa pale.

“Majirani je?”

“Kushoto tuko na Wasamoa, watu wazuri, wanapenda kuimba. Kulia ni dada Mukenya…”

“Niko nauliza majirani wa jimbo, Papa.”

Mwanamume mwenye shati la pasi akainamisha uso. Niliona mabega yake yanatikisika. Baba mdogo akaona pia.

“Zamani lilikuwa la nani?” Mama Emérance hakumwachia. “Yetu umeisoma mpaka Mfaransa. Yenu je?”

Aliyejibu ni Aksanti. Na kwa kuwa aliyeuliza ni mkubwa, alijitahidi kwa Kiswahili, neno moja moja, kama anavuka mto kwa mawe.

“Ya watu wa Dharug, watu wa kwanza. Hapa Doonside. Tunasema kila asubuhi, shuleni.”

“Na wao waliulizwa?” akauliza baba mdogo. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa ameshazoea swali hilo, wiki tatu tulikuwa tunalila na viazi.

“No, Dad. Hakuna mtu aliwauliza.”

Helikopta ikapita juu. Tuliisikia mara tatu, sebuleni, jikoni, chumbani, kila simu na wakati wake. Ilipoondoka, kile kiwiko kilichokuwa kando ya baba mdogo kikageuka kikawa uso wa mama mdogo Léocadie.

“Na Lydie,” akasema, “nani alimuuliza?”

“Léocadie, kikao hakijafika huko.”

“Kikao kimeuliza makaa ya mawe. Kimeuliza viazi, nimepika. Kimeuliza simba wa kwenye ngao. Kitafika kwa Lydie lini? Desemba?”

Kwenye simu yangu ile alama nyekundu ya maiki ikageuka nyeupe.

“You’re on, Lydie,” akasema Aksanti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa vitu vyote isipokuwa hicho. Nikachukua faili yangu, nikafungua ukurasa wa mwisho, kwa sababu karatasi ikiwa mkononi sauti inapata pa kushika.

“Baba mdogo, swali la saba hatukulisoma,” nikasema.

“Soma.”

Nikasoma. Miaka minane, lugha, utambulisho, maswali thelathini na matatu, na kuacha ulichokuja nacho mlangoni. Nilipomaliza nikaendelea, nikiangalia karatasi bado, ingawa hapo chini hapakuwa na maandishi.

“Sijakataa mtu. Lakini siendi popote kabla ya mtihani wangu. Nimengoja kuandikwa tangu nizaliwe, na nimebakiza kuitwa tu. Nikienda kule naanza sifuri, na atakayenioa naye bado anahesabu.” Nikafunga faili. “Na kama jimbo lina masharti kwa mgeni anayetaka kuishi ndani yake, mimi pia ninayo.”

“Masharti gani?” Balthazar akaruka. “Miaka minane? Mudogo wangu iko na miaka thelathini na mine!”

“Akijitahidi inapungua.”

“Tumia akili, dada!”

“Lugha je?” Hiyo ilikuwa sauti mpya, na ilichukua muda nitambue ilikotoka. Aimé alikuwa amejifungulia sauti mwenyewe. Mama yake alimgusa goti, yeye akauondoa mkono huo polepole, kwa heshima, akaurudisha kwenye paja la mama mwenyewe. “Lugha inatakiwa kiasi gani?”

“Kujieleza mambo ya kila siku,” nikasema, “bila mkalimani. Mpaka leo umeongea na mimi sekunde arobaini.”

“Zilikuwa za kuandikiwa.”

“Nilijua.”

“Na mtihani?”

“Maswali thelathini na matatu. Kupita ni kumi na saba.”

Akacheka, safari hii tukisikia. “Wa hapa nimeufanya. Nilipata kumi na sita.”

“Aimé!” akasema Mama Emérance. “Ulituambia majibu hayajafika!”

“Yalifika, mama. Yale matatu ya jimbo nilikosa yote. Bunge niliandika miaka minne.”

“Mitano!” baba mdogo akapiga kelele, kiti kikalia. “Mitano, kijana! Uko unakaa ndani yake na hujui?”

“Sikujua, Papa. Hapa hakuna mtu anayelijua jimbo hili kama nyinyi.”

Baba mdogo akakaa. Nilimwona akiangalia ile faili yake mezani, kurasa arobaini na mbili, amezipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Alipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, kama anatafuta kitu alichokiweka mwenyewe na hakioni.

“Bon,” akasema mwishowe. “Taarifa ya kikao ni hii. Jimbo ni zuri. Hakuna neno baya juu ya jimbo.” Akavaa miwani. “Kijana hatujamchunguza.”

Kikao kikaahirishwa. Mama Emérance alikasirika siku nne, halafu akampigia mama mdogo kumsahihisha habari za viazi: vitunguu vilikuwa vingi mno. Mpaka leo wanapigiana.

Lokdauni ilifunguliwa Oktoba. Barua ya tatu ilikuja Novemba, nikaiweka chini ya sumaku ileile, na wiki ya pili ya Desemba nilikaa mbele ya kompyuta ya ofisi yao nikajibu maswali ishirini ya Australia. Hakuna hata moja lililouliza majirani wa New South Wales ni nani. Nilikuwa nimewasoma wote, pamoja na baba mdogo, ambaye sasa anawaeleza wazee wa kanisa idadi ya watu wetu kana kwamba aliwahesabu mwenyewe. Nilipita. Sherehe ya kiapo bado naisubiri, lakini kusubiri huku kuna namba.

Aimé alirudia mtihani wake Novemba. Nilimfundisha yale matatu kwa simu, akayapata yote. Miaka yake bado miwili, au chini, wakimkubalia kwamba amejitahidi.

Mtihani wangu mimi, wa maswali thelathini na matatu juu yangu, tunaufanya kwa simu Jumapili, baada ya ibada, maswali mawili kila wiki. Baba mdogo hapendi, anasema hakuna uchunguzi wa namna hiyo, mtu kumuuliza mtu mwenyewe. Lakini hupita jikoni mara nyingi kuchukua maji wakati huo, na glasi hainywi. Aimé alikuwa amepata kumi na moja. Kuna swali moja alilikosa mara mbili, nikawa nalirudisha kwenye fungu: Lydie akinyamaza, amesema nini?

Mara ya kwanza alijibu, amekubali. Mara ya pili alijibu, amekataa. Jumapili iliyopita nikamuuliza tena, nikasikia magari yakipita kwenye mvua ya kwao.

“Sijui,” akasema. “Ulikuwa unataka kusema nini?”

Nikamwandikia la kumi na mbili.